Pesa ya maabara inunue jibu lipi kwanza?

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 1979, wenzake wakiwa kwenye sherehe, mtafiti mmoja wa Kijerumani aitwaye Peter Seeburg aliingia katika maabara ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco (UCSF), akachukua sampuli za vinasaba na kuondoka nazo. Maabara hiyo aliijua vizuri, kwani ndimo alimofanya kazi hadi muda mfupi uliopita. Sampuli zilihusu jeni ya homoni ya ukuaji wa binadamu, na mwajiri wake mpya, kampuni changa iliyoitwa Genentech, alikuwa mbioni kuitengeneza homoni hiyo kwa kutumia bakteria. Seeburg aliona amechukua kazi ya mikono yake mwenyewe. Chuo kiliona kimeibiwa.

Homoni ikapatikana. Mwaka 1985 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, na ikawa ya kwanza ambayo Genentech iliiuza yenyewe kwa jina lake. Fedha zikaingia, na kesi nayo ikaja. Kampuni ilikana kukiuka haki za chuo, baraza la wazee wa mahakama likashindwa kuafikiana, na mwaka 1999 mambo yakamalizwa nje ya mahakama kwa Genentech kulipa dola milioni 200.

Kisa hiki hakisimuliwi mara nyingi kwenye semina za ujasiriamali wa kisayansi. Kinachosimuliwa ni kile kitamu: vijana wawili, dola 500 kila mmoja, halafu utajiri. Mtafiti wa Morogoro, Nairobi au Kampala anayefikiria kuitoa kazi yake maabara na kuifanya kampuni hupewa hadithi hiyo kama ramani. Ramani si mbaya, ila imekatwa pembe. Ukiifuatilia Genentech tangu mwanzo, ukaiweka karibu na kampuni nyingine zilizofaulu na zilizokufa, unaona kwamba elimu ilikuwepo karibu kila mahali. Kilichotofautiana ni jambo jingine: pesa za mwanzo zilitumika kujibu swali gani.

Mwanzoni mwa 1976, Robert Swanson alikuwa na miaka 28 na hakuwa na kazi. Alikuwa ametoka katika kampuni ya uwekezaji ya Kleiner & Perkins, akawa anawapigia simu wanasayansi mmoja mmoja kuwauliza kama ufundi wa kuunganisha vinasaba, uliokuwa na miaka mitatu tu, ungeweza kuzalisha bidhaa. Wengi walimwambia bado sana. Herbert Boyer wa UCSF, mmoja wa wagunduzi wa ufundi huo pamoja na Stanley Cohen wa Stanford, alimpa dakika chache za Ijumaa jioni. Dakika zile zikawa saa tatu, sehemu kubwa wakiwa baa. Kila mmoja alitoa dola 500 za kusajili kampuni, na inaelezwa kwamba Boyer ilibidi azikope zake. Kampuni ilisajiliwa tarehe 7 Aprili 1976.

Hapo ndipo panapostahili kusimama kidogo. Swanson alirudi kwa bosi wake wa zamani, Thomas Perkins, na mpango wa kawaida kabisa: apewe fedha, ajenge maabara, anunue vifaa, aajiri watu, kisha waanze kazi. Perkins aliuona mpango huo kuwa hatari mno. Kama bakteria wangekataa kutengeneza protini ya binadamu, maabara mpya yenye kila kitu ingekuwa jengo tu. Wakakubaliana njia nyingine. Genentech isijenge chochote kwanza. Ikodishe akili na mikono ya watu walioko tayari: Boyer na wenzake UCSF, na wanasayansi Keiichi Itakura na Arthur Riggs katika hospitali ya utafiti ya City of Hope, kusini mwa California. Perkins akatoa dola 100,000, fedha za kujibu swali moja: je, bakteria anaweza kusoma jeni ya binadamu na kutengeneza kilichoandikwa humo?

Hata swali hilo lilipunguzwa makali. Lengo la biashara lilikuwa insulini, ambayo wakati huo ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Lakini insulini ina asidi amino 51 katika minyororo miwili. Timu ikaanza na somatostatini, homoni ndogo ya asidi amino 14, isiyo na soko la maana. Swanson mwenyewe alinung'unika, akiona wanapoteza muda kwa kitu kisichouzika. Riggs na Itakura walikuwa wamekwisha kuomba ruzuku ya serikali ya Marekani kwa jaribio hilohilo, wakanyimwa kwa maelezo kwamba lisingewezekana katika muda waliouomba.

Juni 1977 wakapima. Hakuna kitu. Swanson, ambaye aliona kampuni inafia mikononi, aliishia hospitali kwa maumivu ya tumbo. Baada ya kutafakari, wanasayansi walishuku kwamba bakteria walikuwa wakiitengeneza somatostatini na kuimeng'enya papo hapo, kwa kuwa ni ndogo na ngeni kwao. Wakaificha ndani ya protini kubwa ya bakteria wenyewe, kisha wakaikata baadaye kwa kemikali. Agosti mwaka huohuo somatostatini ilionekana kwenye vipimo.

Kushindwa kule kwa Juni kuliwagharimu wiki chache. Kama wangeanza na insulini, ndani ya jengo lao jipya, wakiwa na wafanyakazi wa kulipwa kila mwezi, kosa hilohilo lingeweza kuwazika. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1978, insulini ilipatikana, na mkataba na kampuni kubwa ya dawa ya Eli Lilly ukasainiwa mara moja. Lilly ilikuwa na viwanda, wauzaji na uzoefu wa kushughulika na mamlaka za dawa; Genentech ilikuwa na bakteria. Oktoba 1982 insulini hiyo iliidhinishwa. Katikati ya hapo, tarehe 14 Oktoba 1980, hisa za Genentech ziliingia sokoni kwa dola 35, na ndani ya saa moja zikapita dola 80. Kampuni haikuwa na dawa hata moja dukani.

Wengi huishia kwenye bei hiyo ya hisa. Kwa mtafiti wa kwetu, zile dola 100,000 na namna zilivyotumika zina manufaa zaidi. Tabia ya mwanasayansi aliyepata fedha ni kununua mashine. Ukitembelea maabara nyingi za vyuo vyetu utaikuta mashine ya mamilioni imefunikwa plastiki kwa sababu vitendanishi vimekwisha au fundi yuko nchi nyingine. Mwenye kampuni changa hana anasa hiyo. Kama mashine ipo chuo cha jirani, alipe kwa saa.

Hata hivyo kukodi kuna mtego wake, na Genentech iliuingia kwa miguu yote miwili. Mkataba na City of Hope wa mwaka 1976 uliahidi hospitali mrabaha wa asilimia mbili ya mauzo. Mauzo ya nini hasa, na je, leseni walizopewa kampuni nyingine zinahesabiwa? Wakati wa kusaini hakuna aliyeona haja ya kulibishania neno hilo. Mwaka 2002 mahakama ya California iliiamuru Genentech kuilipa City of Hope dola milioni 300 za mrabaha pamoja na milioni 200 za adhabu. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilifuta adhabu, lakini zile milioni 300 zikabaki. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila lilikuwa na mstari mmoja usiosomeka sawa kwa pande zote.

Katalin Karikó aliingia katika tatizo la umiliki kwa mlango mwingine. Mwaka 2005, yeye na Drew Weissman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha jinsi ya kuibadilisha molekuli ya mRNA ili mwili usiichukulie kama adui. Mwaka uliofuata wakafungua kampuni yao ndogo, RNARx, wakapata ruzuku ya serikali ya kuanzia. Ila hataza ilikuwa mali ya chuo, si yao. Mazungumzo ya kuipata leseni hayakufika mbali, na mwaka 2010 haki zikaenda kwa kampuni ndogo ya Wisconsin. RNARx ikafa. Baadaye Moderna na BioNTech, zilizoitumia kazi hiyo kwenye chanjo za UVIKO-19, zililazimika kuilipa kampuni hiyo mamilioni ya dola. Karikó alihamia BioNTech, Ujerumani, mwaka 2013, na miaka kumi baadaye yeye na Weissman wakapata Tuzo ya Nobel. Heshima aliipata. Kampuni yake ilikufa kwa kukosa ufunguo wa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Hapa Afrika Mashariki umiliki una sura nyingine tena, ile ya malighafi. Mwaka 1992 watafiti kutoka nje walichota vijidudu katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Vimeng'enya vya vijidudu hivyo vinastahimili maji makali ya magadi, hivyo vikafaa kwenye sabuni za kufulia na kwenye viwanda vinavyochakaza rangi ya suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya liliibuka kudai sehemu ya faida kutoka kwa kampuni ya Genencor ya Marekani, ambayo ilijitetea kwamba vijidudu ilivipata kihalali. Mwaka 2007 shirika hilo likaingia mkataba na kampuni ya Denmark, Novozymes, wa kugawana faida itokanayo na vijidudu vya hifadhi zake. Mtafiti wa leo anayekusanya udongo, maji ya ziwa au majani ya mganga wa kijijini kwa nia ya kuyafanyia biashara anakuta sheria za kugawana faida zimekwisha kuwekwa. Mwekezaji makini ataomba kibali cha ukusanyaji kabla ya kuomba matokeo.

Sasa tuzungumzie fedha zenyewe, maana si kila fedha ni ya kila kazi.

Ugur Sahin na mkewe Özlem Türeci, madaktari wa Mainz, walifungua kampuni yao ya kwanza, Ganymed, mwaka 2001. Ilikuwa na kitu kimoja: kingamwili ya kupambana na saratani ya tumbo. Mwaka 2016 kampuni iliuzwa kwa Astellas ya Japani kwa euro milioni 422 taslimu, pamoja na ahadi ya malipo zaidi. Kingamwili ile, zolbetuximab, iliidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2024. Ni miaka 23 tangu kampuni isajiliwe. Mkopo wa benki wa miaka mitano, wenye riba ya kulipwa kila mwezi, usingeweza kuivusha hata theluthi ya safari hiyo.

Sahin na Türeci walilijua hilo walipoanzisha BioNTech mwaka 2008. Fedha zao, euro milioni 150 za kuanzia, zilitoka hasa kwa ndugu mapacha Thomas na Andreas Strüngmann, waliokuwa wameiuza kampuni yao ya dawa, Hexal, mwaka 2005. Mapacha hao walikuwa wanajua dawa inachukua muda gani. BioNTech ilikaa zaidi ya miaka kumi bila bidhaa moja iliyoidhinishwa, na hakuna aliyewaambia waanzilishi wafunge duka. Ilipofika 2020, dunia iliwaona kana kwamba wametokea jana. Leo kampuni hiyo ina kituo Kigali, kilichozinduliwa Desemba 2023, kilichojengwa kwa makontena yaliyopakiwa mitambo ya mRNA.

Mfano wa kinyume uko Lagos. Mwaka 2019 Abasi Ene-Obong alianzisha 54gene kwa hoja nzito: takwimu za vinasaba zinazotumika kutafutia dawa duniani zinatoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, na Waafrika, ambao wana tofauti nyingi za kijenetiki kuliko wengine wote, karibu hawamo. Akataka kujenga hazina ya sampuli na takwimu za Kiafrika ambayo kampuni za dawa zingelipia. Wawekezaji waliikubali hoja. Kwa awamu tatu ndani ya miaka mitatu, kampuni ilikusanya takribani dola milioni 45, kiasi ambacho hakikuwa kimezoeleka kwa kampuni ya sayansi Afrika Magharibi.

Kisha ukaja UVIKO-19. Kampuni yenye maabara na mashine za PCR ikajikuta kwenye biashara ya vipimo, na biashara hiyo ikaingiza pesa za haraka. Wafanyakazi wakaongezeka, ofisi zikapanuka, makadirio ya thamani yakapanda. Wasafiri walipoacha kuhitaji cheti cha kipimo, mapato yakakauka, huku lile swali la msingi, yaani nani hasa atalipia takwimu za vinasaba na kwa bei gani, likiwa bado halijapata jibu la kutosha. Mwaka 2022 kampuni iliachisha kazi watu 95 kwa mpigo, mwanzilishi akaachia uongozi mwezi Oktoba, na mwaka 2023 milango ikafungwa.

Si haki kuliita hilo kosa la mtu mmoja. Kampuni nyingi duniani zililewa mapato ya vipimo. Lakini tofauti na Genentech inaonekana bila miwani. Hapa fedha zilitangulia kununua ukubwa, na jibu likaachwa lifuate.

Kuna njia ya tatu, ambayo kwa mazingira yetu pengine ndiyo inayofaa zaidi, nayo haina mwekezaji mkubwa kabisa mwanzoni. Mwaka 1978, mwaka uleule Genentech ilipopata insulini yake, mwanamke wa Kihindi wa miaka 25, Kiran Mazumdar, alikuwa Bangalore akitafuta mkopo. Alikuwa amesomea Australia utaalamu wa kutengeneza bia, akarudi nyumbani na kukuta viwanda vya bia havimtaki mwanamke kusimamia mitambo. Kwa ubia na kampuni moja ya Ireland akasajili Biocon, na mtaji wa rupia 10,000. Benki zilimkataa: hana dhamana, ni mwanamke, na biashara yenyewe haieleweki. Akaanzia kwenye gereji ya nyumba ya kupanga.

Alichouza mwanzoni ni vitu viwili ambavyo msomaji wa Mwanza au wa Tanga anavijua kwa macho. Kimoja ni papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi, ambao Tanganyika na Kongo nazo ziliwahi kuuza nje. Mkulima huchanja tunda likiwa mtini, hukinga utomvu mweupe unaotiririka, huuanika hadi ukawa unga. Kiwanda cha bia huununua ili bia isipate ukungu ikipoa. Kiwanda cha nyama huununua ili kulainisha nyama. Kitu cha pili kilitokana na mabondo ya samaki, vile vifuko vya hewa ambavyo wafanyabiashara wa sangara Ziwa Victoria huvikausha na kuvisafirisha hadi China. Ukivichakata unapata dutu inayosafisha bia kwa kuvuta chembe za hamira chini ya pipa.

Hakuna jarida kubwa la sayansi lingechapisha kazi ya papaini mwaka 1978. Ila papaini ililipa mishahara, ikalipa umeme, na zaidi ya yote iliifundisha kampuni kazi ya kuzalisha kimeng'enya chenye ubora uleule kundi baada ya kundi. Kutoka hapo Biocon ilihamia vimeng'enya vya kuchachushwa, kisha dawa. Hisa za yule mbia wa Ireland zilipita mikononi mwa Unilever, baada ya Unilever kumnunua, na mwaka 1998 Mazumdar, sasa Mazumdar-Shaw, na mumewe wakakusanya fedha kuzinunua hisa hizo. Mwaka 2004 Biocon iliingia soko la hisa la India ikiwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni moja siku ya kwanza. Mwaka huohuo ikaanza kuuza insulini yake yenyewe. Kitengo cha vimeng'enya, kilicholea kampuni nzima, kiliuzwa kwa Novozymes mwaka 2007.

Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alichagua njia inayofanana na hiyo. Mhandisi wa kemikali huyu alizaliwa kijiji cha Gongali, Karatu, akasomea uzamivu wa nanoteknolojia Korea Kusini, kisha akarudi na kutengeneza chujio la maji linalounganisha mchanga na nanomada. Maji ya kaskazini mwa Tanzania yana floraidi nyingi, ile inayoacha meno ya watu na rangi ya kahawia. Kwingine shida ni bakteria au metali. Hilonga alipanga chujio lake lirekebishwe kulingana na tatizo la eneo. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, yenye pauni 25,000. Akaiita kampuni yake Gongali Model, na pamoja na kuuza machujio akaanzisha vituo ambapo mtu hununua maji yaliyokwisha kuchujwa. Mama wa nyumbani ambaye hawezi kununua chujio zima anaweza kununua ndoo. Hilo ni swali la soko kujibiwa kwa shilingi za mnunuzi.

Tuzo lakini zina kikomo. Mwaka 2018 tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Mganda Brian Gitta, mwenye miaka 24, na wenzake, kwa kifaa walichokiita Matibabu, kinachotafuta malaria kwa kupitisha mwanga kwenye kidole bila kutoboa ngozi. Pauni 25,000 zinatosha kuboresha mfano wa kwanza. Hazitoshi kuendesha majaribio kwa maelfu ya wagonjwa katika hospitali kadhaa, kukilinganisha kifaa na darubini, na kuipelekea mamlaka ya udhibiti mafaili inayoyataka. Kati ya tuzo na idhini kuna bonde refu, na humo ndimo ubunifu mwingi wa Afrika unamozikwa. Serikali zina mifuko, Tanzania ikiwa na MTUSATE chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mifuko hiyo ingefanya kazi kubwa kama ingetenga fungu la kulipia majaribio ya kitabibu badala ya kutawanya ruzuku ndogondogo zinazoishia kwenye ripoti na picha ya pamoja.

Na ole wake anayelirukia bonde hilo kwa matangazo. Julai 1990, Rais Daniel arap Moi alitangaza Nairobi kwamba Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, imepata dawa ya UKIMWI. Iliitwa KEMRON, ikiwa ni kiwango kidogo sana cha interferoni kinachonyonywa mdomoni. Wazo lilikuwa limetoka kwa kampuni changa ya Amarillo, Texas, iliyoanzishwa na daktari wa mifugo. Wagonjwa walimiminika Nairobi, wengine kutoka ng'ambo. Matokeo ya awali hayakuwa na kundi la kulinganisha la kuaminika. Jaribio kubwa lililofanywa Uganda, ambamo nusu walipewa interferoni na nusu kidonge kisicho na dawa bila wao wala madaktari kujua, lilichapishwa mwaka 1998, nalo halikuona faida yoyote. Kampuni ya Amarillo iliendelea kulisaka soko la interferoni yake kwa miaka mingi hadi ikaomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2013.

Theranos, kampuni ya vipimo vya damu ya Elizabeth Holmes, ilirudia kosa hilo kwa mavazi ya kifahari. Tone la damu, thamani ya dola bilioni tisa, bodi iliyojaa mawaziri wa zamani na majenerali, na hakuna jarida la kisayansi lililowahi kuipima mashine yake ipasavyo. Mwaka 2022 Holmes alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Wawekezaji wake wengi hawakuwa watu wa dawa. Wale waliobobea katika sekta hiyo walikuwa wameomba takwimu, wakanyimwa, wakaondoka.

Kwa mtafiti anayesoma haya akiwa na daftari lake la maabara pembeni, hatua ya kwanza haihitaji dola 100,000. Inahitaji kalenda. Boyer na Cohen walichapisha ugunduzi wao Novemba 1973. Afisa wa Stanford, Niels Reimers, alizisoma habari zake gazetini mwaka uliofuata, akawabembeleza wakubali kuombewa hataza, na maombi yakawasilishwa Novemba 1974, siku chache tu kabla ya kutimia mwaka mmoja ambao sheria ya Marekani iliuruhusu. Nchi nyingine, ambazo hazikuwa na msamaha huo, walikuwa wamekwisha kuzikosa. Kwa Marekani peke yake hataza hizo ziliingiza takribani dola milioni 255 hadi zilipokwisha muda mwaka 1997. Katika nchi nyingi, Ulaya ikiwemo, hali ni ileile hadi leo: bango la mkutano, tasnifu iliyowekwa kwenye maktaba ya mtandaoni au mahojiano ya redioni yanaweza kuhesabiwa kuwa uchapishaji. Kabla ya kutetea tasnifu au kumpa mwandishi wa habari nakala yake, mtafiti apite kwanza ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia ya chuo chake, aulize kwa maandishi kazi ile ni ya nani, kisha fomu ya hataza ipelekwe BRELA (Tanzania), KIPI (Kenya) au ofisi ya kikanda ya ARIPO kule Harare. Itangulie tarehe ya fomu. Tarehe ya pongezi ifuate.